Rehani Mtazama Damu

Babu Rehani alikuwa na tabia ya kutazama chini. Ukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku macho yake yapo kwenye vidole vya miguu yako, na sisi watoto tulidhani anatukagua funza. Kumbe ni haya. Ilimwingia enzi za Mjerumani na haikumtoka mpaka tunamzika. Habari yenyewe inamhusu bibi yangu mzaa mama, Mwanaheri, nami nimeisikia kwa vinywa vyote viwili, chake na cha bibi, kila mmoja kwa wakati wake. Rehani sitampamba. Alikuwa wa ukoo wetu, na mtu wa ukoo wako ndiye anayejua kukuudhi.

Kijana Rehani alizaliwa Towero, kwenye mteremko wa Uluguru juu ya mji wa Morogoro. Mama yake alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hiyo aliyembeba mgongoni alikuwa Mwanaheri, binti wa mama yake mkubwa wa kiukoo, si wa tumbo moja na mama yake. Alimwita dada, naye akamwita mdogo wangu. Reli ilipofika mjini Rehani aliteremka kutafuta kazi kama vijana wengine, akaipata kwa daktari Mjerumani aliyekuwa akichunguza homa ya papasi, ile iliyokuwa ikiwaangusha wapagazi waliolala kwenye vibanda vya njiani. Alianza kwa kuchota maji. Halafu daktari akaona mikono yake ni misafi na haitetemeki, akampa kazi ya kuosha vioo na kuipaka rangi damu ya wagonjwa.

Humo chumbani kulikuwa na chombo cha shaba chenye jicho la kioo. Leo tunakiita hadubini. Wao walikiita darubini ya vidudu. Siku moja daktari alikuwa na furaha, sijui amepata barua ya kwao au amelala vizuri, akamwambia Rehani ainame atazame. Chini ya jicho palikuwa na ngozi ya kitunguu, ile laini ya ndani inayobanduka kwa ukucha. Rehani aliona vyumba. Vyumba vya kuta nyembamba, vimepangwa safu kwa safu kama ukuta wa matofali, na ndani ya kila chumba kitone kimoja cheusi, ambacho yeye alikiita kokwa. Daktari akaweka jani la mmea wa kwenye maji kutoka mto Morogoro. Vyumba vilevile, ila humu zilikuwamo punje za kijani, na daktari akasema punje hizo ndizo zinazopika chakula cha mmea kwa moto wa jua. Halafu akamkwangua Rehani shavuni kwa ndani, kwa ncha ya kijiko, akampaka kiooni. Rehani akajiona mwenyewe. Naye alikuwa vyumba, ila havina kuta, ni utando laini tu, na kila kimoja kina kokwa lake.

Damu ilikuwa na mambo yake. Vile vijichumba vyekundu vilikuwa viduara vilivyofifia katikati, hakuna hata kimoja chenye kokwa. Daktari alisema vinalitupa vikiwa vichanga ili vibebe hewa vizuri. Na kwa mgonjwa wa homa ya papasi, katikati ya viduara hivyo, ungeona vidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi wa kushonea, navyo havina kokwa, havina vyumba ndani, ni uzi mtupu unaoishi. Hivi sasa mtoto wa shule atakuambia seli, kiini, bakteria, akaenda zake kucheza mpira. Babu Rehani alivijua vitu hivyo kabla havijapata majina kwetu, na vilimpanda kichwani.

Vilimpanda vibaya. Mwaka huo alikwenda Towero kwenye sherehe ya kumtoa mwali, amevaa kanzu nyeupe na viatu alivyopewa na daktari, vikubwa kwake. Wazee wakampa kigoda. Akaanza kueleza juu ya kitunguu, kwamba ndani yake mna vyumba. Watu wakacheka. Mmoja akauliza nani anavifagia, mwingine akataka kujua kama wapangaji wanalipa kodi ya kichwa kama sisi. Ni utani wa kawaida wa sherehe, na mtu mwenye akili angecheka nao. Rehani hakucheka. Ili wanyamaze aliongeza jambo ambalo hakuliona kamwe katika chombo kile. Alisema yeye akitazama damu ya mtu anamjua asili yake, ukoo wake na alikotoka mama wa mama yake.

Kicheko kikakatika. Alipenda ule ukimya. Aliniambia mwenyewe, uzeeni, kwamba hajawahi kupenda kitu kama alivyoupenda ukimya ule, na akiwa ananiambia alikuwa akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa mjomba Maneno, mkubwa wa ukoo pale mgongoni mwa mlima. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na shamba hufuata ukoo. Bibi Mwanaheri, ambaye mumewe alikuwa amefariki, alikuwa analima shamba la kijitoni, lenye migomba na magimbi, lisilokauka hata kiangazi kiwake vipi. Mama yake alililima kabla yake, na kaburi la mama huyo lilikuwa pembeni, chini ya migomba. Maneno alilitaka shamba hilo kwa ajili ya mpwa wake mwingine aliyekuwa karibu kuolewa. Sababu ya kumnyang'anya hakuwa nayo, ila alikuwa na uvumi: kwamba bibi wa Mwanaheri, mzaa mama yake, hakuzaliwa mlimani, aliletwa na msafara akiwa msichana, akanunuliwa kwa nguo, akapewa jina la ukoo tu. Mtu wa namna hiyo, uvumi ulisema, wajukuu zake ni wageni. Waliojua kweli walikuwa wamekwisha kufa. Basi Maneno akawaambia wazee kwamba Mungu ametujalia kijana anayeona ndani ya damu, kwa nini tugombane? Atazame damu ya Mwanaheri, atazame na yake yeye Maneno, aseme kama ni moja.

Rehani angeweza kusema palepale kwamba alitania. Alikubali.

Alipanda tena na vioo viwili na sindano. Maneno alijichoma kidole mbele za watu huku akicheka, damu ikapakwa kioo cha kwanza. Kisha Rehani akaenda peke yake kwa dada yake, akakaa barazani, akamweleza shida iliyomleta. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema mgeni hasemeshwi na njaa, akaingia ndani, akatoka na jogoo mkononi na kisu. Mwanamke kwetu hachinji, hutafuta mwanaume amchinjie, awe jirani au mpita njia.

"Mdogo wangu, nichinjie," akasema.

Rehani akavua kanzu isichafuke, akamkanyaga jogoo mabawa, akasema bismillahi, akachinja. Bibi akamwinua jogoo kwa miguu akiwa bado anachuruzika. Akasema hawezi kuchomwa sindano na mwanaume kweupe, ampe hiyo sindano na hicho kioo, atajichoma mwenyewe jikoni. Amwonyeshe tu jinsi ya kupaka. Rehani akamwonyesha kiganjani, paka nyembamba, acha ikauke. Bibi akaenda jikoni, nyuma ya nyumba, na jogoo wake. Baada ya kitambo akarudi na kioo chekundu, akampa. Halafu Rehani akala ugali na kuku, akausifu mchuzi.

Daktari hakuruhusu vitu vya watu kwenye chombo chake. Rehani alingoja mchana, bwana mkubwa amejilaza baada ya kula, akavitia rangi vioo vyote viwili, akainama. Kioo cha Maneno kilikuwa cha kawaida, viduara vitupu. Akaweka cha dada yake. Nywele zilimsimama. Vijichumba vile havikuwa mviringo, vilikuwa virefu kama mbegu za boga, na kila kimoja, kila kimoja, kilikuwa na kokwa jeusi katikati. Alikuwa ameshatazama damu za Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wahindi wa dukani, hata ya daktari mwenyewe alipougua malaria. Hakupata kuona kitu cha namna hiyo. Na wa kumuuliza hakuwapo, kwa sababu aliyejua alikuwa anakoroma chumba cha pili, na kumwamsha ni kukiri kwamba amegusa chombo bila ruhusa.

Basi akaenda mlimani akasema alichoona. Wazee walikaa uani kwa Maneno, na Mwanaheri alikaa upande wa wanawake, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Rehani akasema damu ya mjomba haina kokwa, na hii ya dada ina kokwa. Akasema si moja. Hakumtazama wakati wa kusema, na nadhani hapo ndipo macho yake yalipoanza mazoea ya kuteremka. Wakamuuliza Mwanaheri kama ana neno. Bibi akafungua mdomo, akaufunga, akainuka akaondoka.

Kabla mwezi haujaandama mpwa wa Maneno alikuwa anang'oa magimbi ya bibi yangu. Bibi alishuka mjini, akapata kazi ya kutwanga mahindi ya vibarua wa reli, chini ya banda la makuti kando ya njia ya mtoni. Mama yangu alikuwa mdogo, alilala kwenye gunia karibu na kinu. Njia hiyo ndiyo aliyopita Rehani kuchota maji ya kuoshea vioo. Ningekuwa mimi ningemmwagia pumba. Bibi alimwamkia kila siku, hujambo mdogo wangu, kwa sauti ileile ya zamani, naye alijibu sijambo akapita haraka maji yakimwagika miguuni. Baadaye akaanza kuzunguka kwa njia ya mbali.

Halafu kuku wa daktari wakaanza kufa. Walikuwa kuku wazuri, wamekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya tenga, na daktari aliwapenda kuliko watu. Walisinzia, wakashusha mabawa, wakafa. Akamwamuru Rehani atoe damu chini ya bawa la mmoja wao, aipake, aitie rangi. Rehani akafanya, akainama kutazama kama mambo yako sawa kabla hajamwita bwana.

Vilikuwapo. Virefu kama mbegu za boga, kila kimoja na kokwa lake.

Daktari alipoinama alipiga paja kwa furaha, maana katikati ya vijichumba hivyo aliviona vile vidudu vya uzi uliosokotwa, ndugu wa vile vya homa ya papasi, akaanza kueleza habari za papasi wa mabandani. Rehani hakusikia. Aliuliza juu ya yale makokwa. Daktari akasema kama mtu anayesema jambo dogo kwamba kuku wako hivyo, ndege wote wako hivyo, na chura, na samaki. Chembe zao nyekundu hazitupi kokwa. Rehani akauliza, na mtu? Mtu yeyote, wa kabila lolote, mtumwa au mwungwana? Daktari akamkazia macho, akasema hakuna mtu wa namna hiyo duniani, akamwambia alete kuku mwingine.

Aliniambia kwamba alitoka nje, wala hakumleta kuku mwingine. Ninamwamini.

Jioni ileile alikwenda kwenye banda la makuti. Bibi alikuwa anapepeta. Rehani akasimama mbali kidogo, akasema, "Dada, kile kioo ulinipa damu ya kuku."

"Wewe ndiye uliyemchinja," bibi akamjibu, wala hakuacha kupepeta.

Akamuuliza kwa nini. Bibi akamwambia bila kuzungusha. Tangu lini mtu akatoa damu yake ikachukuliwa kwenda kufanywa yasiyojulikana, ndani ya nyumba ya mgeni, na chombo kisichojulikana? Damu ya mtu ikiwa mkononi mwa mwenzake, mwenye damu yuko mkononi mwake pia. Alimpa ya jogoo kujikinga. Na siku ya baraza alinyamaza kwa sababu hakuwa na la kusema lililo jema: akisema kweli, amewatangazia watu kwamba anamdhania ndugu yake uchawi, na Maneno angesema aliogopa kwa kuwa ana la kuficha.

"Nilikubeba mgongoni," akasema, "na siku ile nilikuogopa."

Rehani alilia, lakini ndani yake, hili alinikiri, kulikuwa na nafuu. Kosa lilikuwa limepata sababu. Kosa lilikuwa kuku. Akamwambia dada yake wapande wote Towero akawaeleze wazee, mambo yatakwisha. Akachukua na kioo kipya na sindano, ikihitajika.

Walikaa uani palepale. Rehani akasema yote, jinsi alivyochinja, jinsi alivyotazama, jinsi kuku wa daktari walivyomfumbua macho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mmoja nyuma akawika kama jogoo. Rehani aliinamisha kichwa akavumilia, alijua amestahili. Maneno peke yake hakucheka. Akasema kama ni hivyo Mwanaheri aliwadanganya wazee, na asiye na hofu hadanganyi.

Hapo mzee Yunusi, jirani na mtu wa haki, akatoa njia. Alisema jambo ni jepesi. Achomwe sasa hivi mbele yetu, Rehani aende akatazame, akikuta haina kokwa kama ya Maneno, basi ni damu moja na shamba ni lake. Wote wakaitikia. Hata Maneno alikosa la kupinga, kwa kuwa njia hiyo aliianzisha yeye. Bibi yangu akasogea katikati ya uwanja, akanyoosha kidole.

Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa rahisi. Damu ya bibi isingekuwa na kokwa. Rehani alilijua hilo kabla ya kuchoma. Angechoma, angeshuka, angepanda, angesema ni moja. Shamba lingerudi, na yeye angebaki mtazama damu, aliyekosea mara moja tu kwa sababu ya kuku. Akaishika sindano, akakishika kidole cha dada yake.

Bibi akamsemesha kwa sauti ya chini, lakini uwanja ulikuwa kimya na watu walisikia. "Siku ile ningekupa damu yangu, ungewaambia nini?"

"Nisingeona kitu, dada."

"Sikukuuliza ungeona nini. Ungesema nini?"

Rehani akakaa na kidole cha dada mkononi. Aliniambia alimtazama mjomba Maneno, na Maneno akatazama kando.

"Ningesema anachotaka mjomba," akasema.

Akaiangusha sindano. Akawageukia watu, akawaeleza kwamba ukoo hauonekani katika damu, kwamba ametazama ya Mmanyema na ya Mhindi na ya Mzungu zote zikawa kitu kimoja, na alilijua hilo siku ya mwali, ila walikuwa wanamcheka na alitaka wanyamaze. Akasema hatamchoma dada yake, kwa maana hakuna cha kutazama. Mara hii hakuna aliyecheka. Angefurahi wangecheka, alisema, hata wangewika.

Mzee Yunusi akakohoa, akauliza basi kama si damu, nani alilima shamba lile, na nani amelala pembeni yake. Kila mtu alijua jibu. Kabla vuli haijaanza, bibi alikuwa amesharudi kijitoni.

Siku hiyo ya baraza la pili, kabla ya watu kutawanyika, ilibidi wageni walishwe. Bibi alishika jogoo wa palepale uani, akachukua kisu, akaja barazani walipokaa wanaume. Rehani alikuwa wa kwanza mlangoni. Bibi akampita, akampa kisu mzee Yunusi.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Rehani aliendelea na kazi yake mpaka vita vilipofika na daktari akaondoka, chombo kimefungwa sandukuni. Akarudi mlimani, akalima, akaoa, akawa akimsaidia bibi kila msimu wa kulima. Walitaniana, walizikiana na kuozeana. Lakini jogoo akishikwa kwa bibi, hata kama Rehani amekaa peke yake barazani, bibi alituma mtoto akamwite mwanaume mwingine. Mimi mwenyewe nimetumwa mara nyingi, nikimpita Babu Rehani na mikono yake imetulia magotini. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza kwa nini. Ndipo akanieleza yote haya, na mwisho akasema, "Amenisamehe mambo yote, ila kisu hawezi kunipa. Ni haki yake." Rohoni nilifurahi, nikasema bibi yangu si mchezo.

Babu Rehani alikufa mwaka wa mvua nyingi. Baada ya arobaini nilikuwa namsaidia bibi kumenya magimbi, nikamsifu kwa ule msimamo wake, kwamba alimsamehe mtu lakini kisu akamnyima mpaka kaburini. Bibi akaacha kumenya.

"Nani alimnyima?" akauliza. "Siku ile niliona anavyokitazama kile kisu. Mikono ilikuwa inamtetemeka, mjukuu wangu. Nikamwonea huruma, nikasema nisimpe asije akaaibika tena mbele za watu, ikawa mazoea."

Nikamwambia alivyodhani Rehani, kwamba ananyimwa kwa kosa lake. Bibi akaniuliza kama nilikuwa nikilijua hilo Rehani alipokuwa bado hai, nikasema ndiyo, nililijua. Akaendelea kumenya magimbi, na mimi nikatazama chini.